Shangazi, kaka anataka niandike baba aliacha watoto wanne

*Shikamoo Shangazi. Baba yetu alifariki mwaka jana, nyumbani Kilosa. Alikuwa mtu wa reli, upande wa njia. Aliajiriwa 1975, akastaafu 1999, na miaka mingi alikaa gengeni Kidete, kambi ya watengeneza njia ya reli, huku mama akitulea sisi wanne mjini. Mwezi wa nane tunajengea kaburi na kutakuwa na ibada, nami nimepewa kazi ya kuandika historia ya marehemu. Kaka mkubwa amenionya: niandike ameacha watoto wanne. Lakini msibani tulijua kuwa Kidete yuko kijana wa baba, na baba ndiye aliyemsomesha. Mzee wa ukoo anasema kwa mila yetu Wakaguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo huyo hatuhusu. Mama hajasema neno, ila siku ya mazishi alipomwona kijana amesimama nyuma alituma mtu ampelekee kiti. Na jambo jingine, nikishika kalamu naona sijui hata baba alikuwa akifanya nini huko. Nifanyeje? Binti wa Kilosa, Dar es Salaam.*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Nianze na hilo ulilolitaja mwishoni kama jambo dogo, maana kwangu ndilo kubwa.

Historia nyingi za marehemu zinafanana mno, ukibadilisha jina zinamfaa yeyote. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akastaafu, akaanza kusumbuliwa na presha. Mtu aliyeifanya kazi moja robo karne anapewa mstari mmoja, tena wa kupita tu. Inaniumiza kila ninapoisikia, na ingeniuma zaidi kwa mtu wa reli.

Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. Ikishatoka Kilosa kuelekea Gulwe inapita bondeni, ikifuatana na Mto Mkondoa, na mto ule haujapata kuiacha salama. Wewe ni wa Kilosa, unakumbuka mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010: tuta likasombwa, treni za kutoka Dar zikakatika kwa miezi, watu wa mji wenu wakahamia kwenye mahema. Hiyo ndiyo sehemu aliyopangiwa baba yako. Watu wa magenge ndio wanaotembea njia kwa miguu kuikagua, wanaobadilisha mataruma, wanaoshindilia kokoto, wanaotoka usiku mvua ikinyesha ili kuona kama pale palipoliwa na maji mwaka jana bado pamesimama. Abiria wa Tabora na Kigoma walilala usingizi ndani ya mabehewa kwa sababu watu kama baba yako walikuwa macho huko porini. Andika hivyo, kwa maneno yako. Na kama aliajiriwa 1975, basi mwajiri wake wa kwanza alikuwa shirika la reli la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika 1977 wafanyakazi wa huku wakawa chini ya Shirika la Reli Tanzania. Fungua sanduku lake. Tafuta barua ya ajira, barua za uhamisho, karatasi za kiinua mgongo. Tarehe sahihi utazipata humo, si kwa kukisia.

Yale yasiyo kwenye karatasi yako kwa watu. Nani alikuwa mnyapara wao? Genge lilikuwa na wanaume wangapi, na walipikaje? Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimkuta wapi? Alikuwa mtu wa kunyamaza nyumbani; je, gengeni alikuwa mwimbaji? Wazee waliofanya naye kazi sasa wanahesabika. Treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, iliyoanza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024 ina njia yake nyingine, yenye mahandaki kwenye milima ya Kilosa, na vijana wa leo hawatajua kulikuwa na kazi ya kukesha na mto. Usingoje mwezi wa nane. Nenda Kidete.

Ukifika Kidete, mwanangu, utamkuta kijana yule na mama yake. Wao ndio waliomwona baba yako akirudi kutoka kazini na matope mpaka magotini, miaka ambayo nyinyi mlimwona mwisho wa mwezi. Mambo mawili uliyoniandikia yanakutana hapo: huwezi kuisimulia kazi ya baba yako ukairuka Kidete, na huwezi kuisimulia Kidete ukamruka mtoto aliyelelewa pale. Kaka yako anakuomba uandike maisha ya mtu huku ukiondoa nusu yake.

Sisemi baba yako alifanya vyema. Alimwacha mama yako alale peke yake na maswali, na akawaachia nyinyi siri mkaikute msibani. Hilo lina uchungu, na una haki ya kulia kwa sababu yake. Ila kijana hakuchagua.

Mzee wa ukoo mjibu kwa adabu, ukiwa umekaa chini. Mwambie: Mzee, ulivyosema ni kweli, kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Basi hata sisi wanne ni wa ukoo wa mama yetu, na bado tunaandikwa watoto wa marehemu. Mila hiyo inamgusa kijana wa Kidete sawasawa na inavyomgusa kaka yako mkubwa. Kisha nyamaza, umwache afikiri.

Kaka yako nadhani anaogopa nyumba na shamba, ingawa hajakuambia. Mtulize. Historia inayosomwa kaburini haigawi mali. Mirathi ina njia yake: kikao cha ukoo, muhtasari, msimamizi anayethibitishwa na mahakama. Lakini umwambie na hili, bila kumtisha: msimamizi akificha jambo kubwa kama mrithi, mahakama inaweza kutengua usimamizi wake, hata baada ya miaka. Kuhusu nani anapata nini nendeni kwa mwanasheria, mimi si wa kulisemea hilo.

Sasa mama. Kabla ya kaka, kabla ya mzee, kaa na mama yenu wawili tu, asubuhi, kusiwe na wajukuu karibu. Usimwulize kama alijua. Mwulize anataka isomwe nini mbele ya watu, kwa kuwa yeye ndiye atakayekaa mstari wa mbele. Kile kiti alichokituma kinanipa matumaini, lakini mtu anaweza kutoa kiti na bado asiwe tayari kulisikia jina kwenye kipaza sauti. Akikubali, andika "ameacha mjane na watoto watano", majina yote matano kwa umri, bila kueleza nani wa nani. Mama wa kijana usimtaje. Hiyo ni heshima ya mama yako. Akikataa jina kusomwa, andika "ameacha mjane, watoto na wajukuu", bila idadi. Hapo hujamwumiza mjane, wala hujasema uongo. Ila kijana mwarifu mapema wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, na siku ya ibada akae nanyi.

Neno "wanne" lisitoke kwenye kalamu yako. Kaka akilishikilia, mpe karatasi aisome yeye.