Nargis: msiibebeshe ndoa lawama zote

Swali la wiki hii, kuhusu Nargis, mwigizaji wa sinema za Kihindi: "Je, ndoa ndiyo iliyommaliza Nargis kwenye sinema?" Nasema ndoa ilimtoa studio, lakini mlango ulishaanza kufungwa kabla hajaolewa, na waliousukuma ni wenye picha wenyewe.

Nargis, jina la nyumbani Fatima Rashid, alizaliwa 1 Juni 1929. Mama yake, Jaddanbai, mwimbaji na mtengenezaji wa picha, alimtia mbele ya kamera mwaka 1935 angali mtoto. Kwa hiyo alipoolewa mwaka 1958 alikuwa na zaidi ya miaka 20 kazini. Hili husahaulika.

Kuanzia Aag (1948) alicheza picha 16 na Raj Kapoor, mwigizaji na mwongozaji mwenye studio yake. Watu wa pwani yetu walioingia sinema kuona Awaara, mojawapo ya picha hizo, walilipia wale wawili kwa pamoja, si mmoja wao. Basi alipoachana na studio ya Raj aliacha na soko lake. Picha yao ya mwisho, Jagte Raho (1956), anatokea mwishoni tu: alfajiri, anaimba, anammiminia maji mtu aliyehangaika na kiu usiku kucha. Na Raj je? Alioa mwaka 1946, kabla hata ya Aag, na hakuna aliyemwambia aache kucheza kijana anayetafuta mchumba.

Kisha ikaja Mother India (1957). Itazameni pale mwanzo: ajuza ameinua bonge la udongo wa shamba na kulisogeza usoni. Huyo ajuza ni Nargis, na hajafika miaka 30! Sunil Dutt, aliyecheza mwanawe Birju, alizaliwa 6 Juni 1929, siku tano tu nyuma yake. Kazi kubwa, lakini ina bei: stelingi wa kike akishapakwa mvi na kuitwa mama, ni shida kumrudisha kwenye nyimbo za mapenzi.

Humo humo ndimo ndoa ilipoanzia. Nyasi kavu ziliwashwa kwa ajili ya tukio la moto, upepo ukageuka, miali ikamzingira Nargis. Sunil akaingia kumtoa, akaungua. Walifunga ndoa kimya kimya 11 Machi 1958. Mama na mwana wa kwenye pazia kuoana lingekuwa jambo gumu kwa watazamaji.

Watoto wakafuata: Sanjay 1959, kisha Namrata, kisha Priya. Bombay ya wakati ule mwigizaji aligawa siku zake kati ya picha kadhaa, kila moja ikipata siku chache kwa mwezi. Mimba huvuruga mpango huo, kwani uso na mwili lazima vilingane kati ya kipande cha leo na cha miezi sita iliyopita. Raat Aur Din, ambamo ni mke mtulivu mchana na Peggy wa klabuni usiku, iliburutwa kwa miaka hadi ikatoka 1967. Ikamletea tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike, ya kwanza kabisa kutolewa. Kipaji kilikuwepo, basi.

Sunil naye? Mwaka 1968, baba wa watoto watatu, alikuwa kwenye Padosan akicheza kapera anayemchungulia binti wa jirani dirishani.