Cobra ya kopi: oto ama mota ya klachi? Yangu nilifanya hivi

Mkuu, umeuliza kama Cobra yako ya kopi (gari la spoti la kuigwa) yenye V8 ya Rover inaweza kutolewa manyuali iwekwe oto kwa sababu ya hilo goti la kushoto lililofanyiwa operesheni, ama ubaki na giaboksi ya sasa uongeze tu mota ya kukanyaga klachi. Yangu ina injini kama hiyo na niliiweka oto. Wewe pia weka oto.

Kuna wenye watakuambia Cobra ya oto si Cobra, hao waache. Shelby mwenyewe, aliyetengeneza Cobra za kwanza, aliuza chache za injini ya 289 miaka ya 60 zikiwa na oto ya Ford C4.

Mota ya klachi, ile unabonyeza swichi kwa kichwa cha gia inakukanyagia, ni tamu barabara ikiwa wazi. Lakini kwa jam ya Waiyaki Way pleti ni ile ile inasuguana, na siku mota imegoma fundi wa kuielewa ni wa kubahatisha, wakati mambo ya oto unauliza tu pale Kirinyaga Road unaonyeshwa mtu.

Giaboksi ya kutafuta ni ZF 4HP22, ile ya Range Rover na Discovery za zamani za V8. Chukua ya kebo (inayounganishwa na kanyagio la mafuta), ya kompyuta achana nayo, waya zitakusumbua bure. Sasa kazi yenyewe iko hapa: ya Land Rover nyuma imeishia kwa transfa (boksi la kugawa nguvu kwa tairi za mbele na nyuma), haina mkia wa kushika propela ya gari la kusukumwa na tairi za nyuma. BMW na Jaguar za enzi hizo zilitumia ZF hiyo hiyo ikiwa na mkia, kwa hivyo unatafuta moja imekufa, unatoa shafti ya nyuma na mkia unahamisha, na hiyo inamaanisha giaboksi ifunguliwe yote mpaka ndani. Usimpe fundi anayesema ataifanya ikiwa imening'inia chini ya gari.

Tanieli (mgongo wa sakafu ambamo giaboksi inakaa) itabidi ikatwe, oto ni nene. Propela ikishabadilishwa urefu ipelekwe kubalansiwa.

Konvata (ile ya oili inayounganisha injini na oto badala ya klachi) ijaze oili kidogo, izungushe ukisukuma mpaka iingie yote kwa pampu. Giaboksi ikikaribia injini lazima ibaki nafasi kati ya konvata na flekspleti (pleti nyembamba ya nyuma ya injini). Haiko? Toa urudie, usivute na bolti. Kuna gereji nimeona pampu mpya imepasuliwa hivyo, na mwenye gari akaambiwa eti ilikuja mbovu.

Rejeta ya Cobra kwa jam tayari inahema, usiiongezee joto la giaboksi. Weka kipoza oili (oil cooler) kando na feni yake.

Gia ya kwanza uwiano wake ni 2.48, ndefu kuliko umezoea, lakini konvata inaongeza nguvu wakati wa kung'oka kwa hivyo hutaisikia nzito. Ya nne ni 0.73, Thika Road injini inatulia kabisa. Kuteremka Mai Mahiu shusha hadi 2, breki zipumue. Na wale wa kupiga resi kwa nyutro ndio wasikie egzosi, hiyo ZF haitaki, inachoma klachi za ndani. Gari ikizima pia usivutwe na tairi za nyuma zikiwa chini, pampu inazungushwa na injini, ikizima hakuna oili inapita. Itisha gari la kubeba.

Tupia picha ya chini tuone tanieli ina nafasi gani, na useme injini ni 3.5 ama 3.9.