Kidigo na Kiswahili: kanda si ukoo

Ndugu, umeuliza kwa nini katika orodha ya lugha za Kibantu Kidigo kimewekwa katika kanda E na Kiswahili katika kanda G, ilhali lugha hizi mbili zinakaribiana sana. Herufi hizo ni za Malcolm Guthrie, mwanaisimu wa lugha za Kibantu, ambaye kanda zake zilifuata jiografia kwa kiasi kikubwa, hivyo E73 (Kidigo) na G42 (Kiswahili) ni anwani tu, wala hazithibitishi nasaba. Wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, waliolinganisha mabadiliko ya sauti, msamiati na sarufi, wanaziweka lugha hizi zote mbili katika tawi moja la Kibantu, Sabaki, pamoja na lugha nyingine za Mijikenda, Kipokomo, Kielwana na lugha za Komoro (ambazo Guthrie, kwa haki, alikwisha kuziweka karibu na Kiswahili katika kanda G). Kizigula na Kishambaa, japo ni jirani wa Pwani, zimo katika tawi jingine, la Seuta.