"Kabla ya kulala": nani analala?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mfasiri, niko Mwanza. Siku hizi natafsiri vijitabu vya maelekezo ya vyombo vya umeme kutoka Kiingereza. Kinachonisumbua ni pale Kiingereza kinapoweka "while", "when", "before" au "although", kisha kikaleta kitenzi chenye -ing bila kumtaja mtendaji. Niandike "wakati wa kutumia", "wakati ukitumia" au "unapotumia"? Mwenzangu ofisini amenifutia "kabla hujaisafisha" akaweka "kabla ya kuisafisha", eti ukanushi hauna kazi hapo. Na kuna sentensi ya blenda imenishinda kabisa: "Never leave the blender unattended while running."

JIBU: Marahaba. Nianze na huyo mwenzako. Alichoandika ni Kiswahili safi, ila sababu aliyoitoa haina miguu. Kiambishi -ja- katika "hujaisafisha" hakikanushi tu kama -ku- ya "hukuisafisha". Kinasema jambo bado, wakati wake haujafika, nawe unalingoja. Ndiyo maana "kabla" na -ja- ni marafiki wa siku nyingi: kabla hajaja, kabla jua halijachwa, kabla hatujaachana. Wahenga hata hiyo "kabla" waliiacha, wakasema "Hujafa hujaumbika", na hakuna aliyewauliza kiunganishi kiko wapi.

Kwa hiyo zote mbili ni sahihi. Hazilingani, lakini, na tofauti yake ndiyo kiini cha swali lako. Chukua maelekezo ya dawa: "Kabla ya kulala, mpe mtoto kijiko kimoja." Nani analala? Mama anaweza kuelewa kwamba ampe mtoto dawa saa mbili, mtoto anapopelekwa kitandani, au saa tano, yeye mwenyewe anapozima taa. "Kulala" ni kitenzi-jina, hakina nafsi ndani yake, yaani kiambishi kinachomtaja mtendaji. Sasa andika "kabla hajalala" au "kabla hujalala". Herufi moja, h-a au h-u, imemaliza ubishi wote. Kwenye dawa mimi sibahatishi. Naandika yenye nafsi.

Hapo ndipo Kiingereza na Kiswahili vinapoachana njia. Umbo la -ing halina nafsi, na Kiingereza kinapoliweka baada ya kiunganishi, msomaji huachiwa kazi ya kumtafuta mtendaji. Kanuni ya shuleni inasema mtendaji aliyefichwa awe yuleyule kiima wa sentensi kuu. Wenyewe huivunja kila siku. Kitenzi cha Kiswahili humbeba mtendaji mgongoni, na mara nyingi humbeba na wakati pia, kwa -ki-, -po- au -ngali-. Sikiliza methali: "Wapiganapo tembo nyasi huumia." "Samaki mkunje angali mbichi." Hiyo "angali" peke yake imefanya kazi ambayo Kiingereza kingeifanya kwa maneno mawili au matatu, na tunajua kabisa kwamba aliye mbichi ni samaki, si mkunjaji.

Nije kwenye wakati. Kwa kijitabu chako, "unapotumia" ndiyo chaguo langu la kwanza. Ni fupi, ina nafsi, na -po- tayari inasema wakati. "Wakati unapotumia" si kosa, maana -po- hapo ni kirejeshi kinachorejelea "wakati". Ni nzito tu, kama kuvaa makoti mawili. "Wakati wa kutumia" nayo hufaa panapokusudiwa mtu yeyote, kwa mfano kwenye kichwa cha sura: "Tahadhari wakati wa kutumia".

"Wakati ukitumia" ndiyo ninayoikwepa. -Ki- si kirejeshi, haina kamba ya kuifunga kwenye "wakati", na haihitaji kufungwa, kwa sababu yenyewe inaonyesha jambo linaloendelea sambamba na jingine. Najua habari za kila siku zimejaa "alikamatwa wakati akijaribu kutoroka". Siandamani barabarani kuipinga. Ila futa "wakati" usome tena: "alikamatwa akijaribu kutoroka". Kuna kilichopotea? Hata watendaji wanapokuwa wawili, viambishi hutosha: "Polisi walimkamata kijana akikimbia" na "Polisi walimkamata kijana wakikimbia" ni matukio mawili, na tofauti iko mwanzoni mwa kitenzi.

Panapochanganya ni pale nafsi zinapofanana. "Juma alimwona Asha akitoka dukani": kwa kawaida tunaelewa Asha ndiye aliyetoka. Ukikusudia Juma, mtangulize: "Juma alipokuwa akitoka dukani, alimwona Asha."

Sasa, kitenzi-jina kikae wapi? Mimi huangalia -a unganifu, ile "ya" au "wa" inayounganisha maneno. Kabla ya, baada ya, badala ya, licha ya, kwa sababu ya, wakati wa: yote haya hudai jina baada yake, na "kutumia" ni jina, kwa hiyo linakaa bila taabu. Ukiiondoa hiyo "ya", unahitaji kitenzi chenye nafsi: kwa sababu unatumia, kabla hujatumia. "Ingawa" haina "ya" ya kuondoa, na ndiyo maana "ingawa kuumwa" hutia ukakasi masikioni. Sema "ingawa anaumwa" au "licha ya kuumwa". "Ikiwa" na "iwapo" ni ndugu zake. "Huku" pia hutaka nafsi: huku akicheka, huku watoto wakimfuata. "Tangu" na "mpaka" ni vigeugeu. Tunasema "tangu kuzaliwa mpaka kufa", lakini jikoni hakuna mpishi wa Kiswahili atakayekwambia uache maji jikoni "mpaka kuchemka". Atasema "mpaka yachemke", kwa sababu maji ndiyo yanayochemka na wewe umesimama pembeni na mwiko.

"Baada ya" ina mtego wake. "Baada ya kufika nyumbani, mvua ilianza kunyesha." Tunaelewa, lakini kisarufi ni kana kwamba mvua ilikuwa na nyumba ikaifikia. "Nilipofika nyumbani, mvua ilianza kunyesha" haina utata huo. Ukiipenda "baada ya", mpe mtendaji nafasi yake: "baada ya mimi kufika", au "baada ya kufika kwangu".

Kando kidogo, kwa kuwa unaandika vitabu vitakavyosomwa na watu wengi: -ki- haichukui ku- ya vitenzi vya silabi moja. Ni akila, ukinywa, wakija. "Ukikula" na "wakikuja" utazisikia sana, Kenya hasa na bara kwa jumla, lakini katika Kiswahili sanifu usiziandike. Lakini -po- ikifuata -na- au -li-, hiyo ku- hubaki: unapokula, alipokuja.

Hiyo blenda yako, basi. "Running" ni kukimbia, ila kwa mashine ni kuzunguka. Ukiifuata kanuni ya shuleni, aliyefichwa kwenye "while running" ni mtumiaji, na sentensi inamwonya asiiache mashine huku akitimua mbio. Ukiandika "wakati wa kukimbia", kichekesho kinahamia kwetu pamoja na tafsiri. Jiulize kinachozunguka ni nini, kisha kipe kiambishi chake: "Usiondoke ukaiacha blenda ikizunguka." Na ile ya kusafisha, mwambie mwenzako airudishe ulivyoandika: "Chomoa waya kabla hujaisafisha."