Miaka 25, stashahada, upo Kasulu: Monduli utaifikaje?

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama kwa miaka 25 umeshachelewa kuwa afisa wa JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania), fomu ya Monduli, chuo cha maafisa wa jeshi, inachukuliwa wapi, na kama ni sawa kula kiapo upunguze umri kama jamaa yako anavyokushauri. Naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo litakalokuharibia maisha.

Usiguse tarehe ya kuzaliwa. Tarehe yako ipo RITA (wakala wa usajili wa vizazi), ipo NIDA (mamlaka ya vitambulisho vya taifa) kama umeshajisajili, ipo kwenye kumbukumbu za shule ya msingi na za chuo. Ukibadilisha sehemu moja, nyingine zinakusuta, na hilo haliishii kwenye kukosa nafasi. Taarifa za uongo kwenye kiapo ni kosa la jinai, na jeshi linataka mtu ambaye hajawahi kutiwa hatiani. Hati ya kiapo ina kazi yake halali, kwa mfano cheti cha shule kinasema Yohana na NIDA inasema Yohane. Hilo lirekebishe sasa hivi, usingoje tangazo, maana linaweza kula miezi.

Kuhusu fomu: Monduli si chuo cha kuombea moja kwa moja kama unavyoomba vyuo vingine. Mlango ni JWTZ lenyewe. Unaandikishwa, unapita mafunzo ya awali ya askari, halafu ndiyo unaingia kwenye mchujo wa ukadeti, yaani mafunzo ya uafisa. Ukimaliza Monduli unatunukiwa kamisheni kwa cheo cha luteni usu. Mtu akikuuzia "fomu ya Monduli" hapo Kasulu au Kigoma mjini, huyo ni tapeli. Kuandikishwa jeshini hakulipiwi hata shilingi.

Sasa umri. Tangazo la JWTZ la 2025 liliweka ukomo wa miaka 24 kwa elimu ya sekondari, 26 kwa stashahada, 27 kwa shahada, na 35 kwa madaktari bingwa wa binadamu. Wewe upo ndani, ila soma na sharti linalowakwamisha wengi: uwe umehitimu mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) na una cheti. Ulikwenda stashahada ukitokea kidato cha nne, kwa hiyo ule utaratibu wa mujibu wa sheria wa waliomaliza kidato cha sita haukukupitia. Umebakiwa na JKT ya kujitolea, na mkataba wake ni miaka miwili.

Chukua kalamu upige hesabu. Ukiingia kambini na miaka 25 ukangoja mkataba uishe, unatoka na 27 na ukomo wa 26 umeshakupita. Tumaini lako ni kuchukuliwa ukiwa bado kambini, kwa sababu vijana waliopo makambini huratibiwa na Makao Makuu ya JKT na hawatumi barua mmoja mmoja. Maana yake una usajili mmoja, labda miwili. Wengine watakwambia ukasome shahada kwanza ili uongeze umri. Hapana! Shahada inasogeza ukomo kwa mwaka 1 tu, nayo inakula 3.

JKT yenyewe ina ukomo wake kwa kila ngazi ya elimu, kwa hiyo tangazo lijalo huenda ndilo la mwisho kwako. Maombi yanapita ofisi ya mkuu wa wilaya na ya mkuu wa mkoa. Kwenda kugonga geti la kambi ya JKT Mtabila kwa sababu lipo jirani hakusaidii, na hata ukichaguliwa unaweza kupangwa Kanembwa, Bulombora, Msange kule Tabora, au mbali kabisa. JKT pia hutangaza wazi kwamba haitoi ajira, kwa hiyo nenda ukijua hivyo.

Kwa mtu wa Kigoma kuna jambo la pekee: kuthibitisha uraia. Kama namba ya NIDA bado, jiandae kuhojiwa na Uhamiaji. Andika kwenye karatasi majina matatu ya baba na ya mama, babu na bibi wa pande zote mbili, kijiji na kitongoji walikozaliwa, na mzee mmoja anayeweza kuwathibitisha. Wengi wanakwama kwenye jina la bibi mzaa mama, wanajua "Bibi Kasulu" tu. Kamuulize mama leo.

Mwili sasa. Mtu wa miaka 25 aliyekaa dukani miaka miwili hawezi kuanza kama kijana aliyetoka shule. Anza na kilomita 2, siku 3 kwa wiki, ongeza kama sehemu ya kumi kila wiki mpaka ufike 8. Kimbia kwenye udongo, siyo lami, na kwa raba; buti zisubiri. Ukibonyeza mfupa wa muundi kwa kidole ukasikia uchungu mahali pamoja tu, pumzika na umwone daktari, hiyo inaweza kuwa dalili ya mfupa kuanza kupata ufa. Mkojo ukitoka wa rangi ya chai baada ya mazoezi makali, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Misuli inavunjika na figo zinaumia.

Kabla ya usaili pima mwenyewe: macho, masikio, meno, presha, mkojo, na ngiri. Jino bovu linazibwa kwa siku moja ukiwa nyumbani. Usingoje likuangushe mbele ya daktari wa jeshi.

Ukikosa JKT safari hii, fuatilia matangazo ya Polisi, Uhamiaji, Magereza na Zimamoto. Huko ukomo wa umri ni tofauti na wa JWTZ, na kuna matangazo yaliyofika miaka 30 kwa baadhi ya ngazi za elimu. Vyeti ni hivyo hivyo: cha kuzaliwa, vya shule na chuo, na NIDA. Toa nakala mapema, zihakikiwe kwa wakili au mahakamani, na vyeti halisi viweke pasipofika maji. Tuma hapa ngazi ya stashahada yako na fani uliyosomea, maana fani nyingine hutajwa kwa jina kwenye tangazo.