Maswali na Majibu: Jack Kirby na safari ya kutoka jaridani hadi runingani

Makala iliyopita ilimhusu Jack Kirby, Mmarekani mchoraji wa majarida ya katuni, aliyewachora mashujaa Captain America mwaka 1941 na Black Panther mwaka 1966. Niligusia kidogo tu kwamba akiwa na miaka zaidi ya 60 aliyapa kisogo majarida akaenda kuchorea katuni za runinga. Basi wengi mmeng'ang'ania hapo hapo. Haya, tuyajibu.

Mtu mwenye jina kubwa vile anaachaje kazi iliyompa jina? (Msomaji, Tabora)

Jina alikuwa nalo, ila kipato hakikulingana nalo hata kidogo. Majarida ya katuni ya Marekani enzi zile yalilipa kwa ukurasa. Umechora kurasa 20, unalipwa za kurasa 20, basi. Jarida likiuzwa kupita kiasi, au mhusika akitolewa kwenye fulana na midoli, hizo ni fedha za kampuni. Akiwa kampuni ya Marvel, Kirby alibuni kwa kushirikiana na mwandishi na mhariri Stan Lee wahusika kama Fantastic Four (1961), Hulk (1962), X-Men (1963) na wengine wengi, na hakummiliki hata mmoja. Mwaka 1970 alihamia kwa hasira DC, kampuni shindani, mwaka 1975 akarudi Marvel, na mkataba ulipoisha mwaka 1978 hakuendelea nao.

Runinga ilimpokea vizuri kuliko wengi tunavyodhani. Studio ya Ruby-Spears ilimpa mshahara mnono na bima ya afya. Hiyo bima msiichukulie kirahisi. Kwa mzee wa California mwenye mke na aliyekesha mezani tangu ujana, ilikuwa nafuu kubwa. Studio haikumbana hata kwa kiti. Alichorea nyumbani kwake.

Shikamoo kaka. Ujuzi wa katuni za kutembea aliupata wapi uzeeni? (Mwanafunzi wa sanaa, Mombasa)

Marahaba. Hakuupata uzeeni, alianzia huko. Katikati ya miaka ya 1930 kijana Jacob Kurtzberg, ndilo jina alilozaliwa nalo, aliajiriwa na studio ya Fleischer mjini New York, waliokuwa wakitengeneza katuni za Popeye. Kazi yake ilikuwa kujaza mapengo. Mchoraji mkuu anachora Popeye ngumi ikiwa kiunoni, kisha anachora ngumi imeshafika kidevuni mwa adui. Kijana anapewa karatasi hizo mbili, anaziweka juu ya meza yenye taa chini, anachora ngumi ikipanda kidogo, ikipanda tena, ikipanda tena. Siku nzima mkono mmoja! Baadaye alisema pale palimkumbusha kiwanda cha nguo alichofanyia kazi baba yake. Akaondoka.

Kwa hiyo aliporudi kwenye katuni mwaka 1978 hakurudi kujaza mapengo ya mtu. Safari hii aliletwa kwa ajili ya kichwa chake.

Michoro yake imejaa mistari na vitone. Iliwezaje kuchezeshwa? (Msomaji, Kampala)

Haikuwezekana, na hilo ndilo ninalopenda kulieleza. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24. Katuni za runinga za bei nafuu hubana kwa kuacha mchoro mmoja ukae fremu mbili, tatu au zaidi, lakini hata hivyo michoro ni mingi, na wakati ule kila mmoja ulipakwa rangi kwa mkono juu ya plastiki angavu. Sasa mchukue mhusika wa Kirby: vidole kama matofali, vazi lenye mishipi na vyuma, nyuma yake anga lililojaa vitone vyeusi vya nishati. Ukimwambia mchoraji amrudie huyo mara mia, atakukimbia.

Studio ilipata njia. Katika katuni ya Thundarr the Barbarian, iliyoanza kurushwa na kituo cha runinga cha ABC cha Marekani Oktoba 1980, mashujaa watatu walisanifiwa na Alex Toth, naye alitoka kwenye majarida vilevile. Toth alikuwa bingwa wa kufuta: mstari usio na kazi hakuuacha. Kirby akapewa dunia inayowazunguka, yaani wachawi, mazimwi, mashine na magofu. Alichora mabango makubwa ya kuonyesha wazo, kisha wengine wakayarahisisha hadi yakachezesheka. Ukilinganisha mabango hayo na vipindi 21 vilivyorushwa, kwa maoni yangu mabango yanashinda kwa mbali. Vipindi ni vikavu kidogo, ingawa mawazo yamebaki.

Ni kweli kwenye katuni ya Fantastic Four ya 1978 mtu wa moto aliondolewa ili watoto wasijichome? (Msomaji, Nairobi)

Hapana, ni uvumi. Haki za kumtumia mtu huyo wa moto, mmoja wa mashujaa wanne wa Fantastic Four, zilikuwa zimeshatolewa kwa mradi mwingine, hivyo nafasi yake ikachukuliwa na roboti aitwaye HERBIE. Kirby ndiye aliyechora storibodi, yaani michoro ya kupanga tukio kwa tukio.

Na ni kweli CIA, shirika la ujasusi la Marekani, lilitumia michoro yake? (Msomaji, Muscat)

Hiyo ni kweli. Alichora mandhari ya filamu iliyoitwa Lord of Light, ambayo haikutengenezwa. Mwaka 1980 CIA waliichukua miswada na michoro hiyo wakaigeuza filamu ya uongo iitwayo Argo, wakawatorosha wanadiplomasia sita wa Marekani kutoka Tehran wakijifanya watu wa sinema.

Mimi huchora katuni za gazeti. Nihamie kwenye katuni za video? (Mchoraji, Dodoma)

Jaribu, lakini kwanza jua unachouza. Gado, aliyezaliwa Dar es Salaam na kuvuma kwa katuni za gazeti Nairobi, aliingia runingani mwaka 2009 na The XYZ Show bila kuchezesha mchoro hata mmoja; alitumia vikaragosi, yaani midoli ya kuchezeshwa kwa mkono, vya wanasiasa. Kama nguvu yako ni wahusika, uza usanifu wa wahusika. Kama ni kupanga tukio, uza storibodi. Anayepanga kurasa vizuri ana nusu ya ujuzi huo tayari. Chora mhusika wako kwa mbele, ubavuni na mgongoni, kisha punguza mistari mpaka mtu mwingine aweze kumchora bila kukuuliza. Na kabla hujakabidhi chochote, soma kifungu cha mkataba kinachosema nani anammiliki mhusika.