Kabla ya Kuandika Idadi ya Ajira, Hesabu Siku za Malipo

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja ambaye ni katibu wa kikundi cha wafugaji nyuki. Kikundi chake kimevuka hatua ya kwanza ya kuomba ruzuku ya kujenga kituo cha kuchakata asali, na sasa fomu ya mfadhili imebakiza kisanduku kimoja tu kisichojazwa: idadi ya ajira zitakazozalishwa kijijini. "Kaka, shikamoo," aliandika. "Naomba unisaidie, niandike ngapi ili tusionekane wadogo, na wakati huohuo tusije tukaonekana waongo?" Niliusoma ujumbe huo mara tatu, nikaiweka simu mezani na kutoka nje, kwa sababu miaka kadhaa iliyopita niliwahi kukaa mbele ya kisanduku kama hicho nikaandika 64.

Natamani ningeweza kusema kwamba namba ile niliiokota hewani, maana kosa la uzembe husamehewa upesi. Lakini niliifanyia kazi usiku mzima. Kulikuwa na wafugaji nyuki 40, vibarua 14 wa kukamua na kuchuja, waendesha pikipiki 6 wa kusomba ndoo, na watumishi 4 wa kudumu, yaani karani, msimamizi wa mitambo na walinzi wawili. Kila mmoja alikuwa na jina na alama ya kidole kwenye karatasi, kwa hiyo mkaguzi yeyote angekuja angewakuta wote. Jambo ambalo mkaguzi asingeliona ni kwamba wale 40 walikuwa wafugaji nyuki tangu kabla sijafika, wengine tangu kabla sijazaliwa, na kwamba waendesha pikipiki walikuwa wakibeba mizigo barabara ileile kwa nauli ileile. Vibarua 14 walifanya kazi kweli, siku 30 kila mmoja kwa mwaka mzima, nyakati za mavuno tu. Mishahara ya wale wanne ilitoka kwenye ruzuku, si kwenye asali, na ilikoma siku ruzuku ilipokoma. Siku za malipo zilizotokana na kazi yenyewe zilikuwa 420. Ukizigawa kwa watu 64 niliowaandika, hakuna anayefikisha hata siku saba.

Na bado sikuwa nimedanganya kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu. Katika takwimu za kazi zinazofuata utaratibu wa Shirika la Kazi Duniani, mtu aliyefanya kazi ya malipo au ya faida kwa saa moja tu ndani ya wiki ya utafiti huhesabiwa kuwa ameajiriwa. Wanatakwimu wana sababu zao nzuri za kuweka kiwango hicho, kwa kuwa wanataka kunasa kila aina ya kazi, hata ile ndogo kabisa. Tatizo huanza pale sisi wa miradi tunapokichukua kipimo cha kuhesabia taifa na kukigeuza kuwa ahadi kwa mama mwenye watoto wanne ambaye anataka kujua atakula nini mwezi ambao maua hayajachanua.

Sitawachosha na habari za usajili, vikao na kusubiri saini. Jengo lilikamilika, likapakwa rangi, na mbele yake likasimamishwa bango lenye jina la mradi na ile namba yangu. Tarehe ya uzinduzi ilipangwa na wageni, nami nikaona ni aibu mashine ya kukamulia asali izinduliwe ikiwa tupu. Nikawaambia wanakikundi walete masega wiki hiyo. Mama mmoja mzee, ambaye mizinga yake ilikuwa mingi kuliko ya mtu yeyote pale, alinionyesha sega lililokuwa limefunikwa nta sehemu ya juu tu, huku vyumba vya chini vikiwa wazi na asali yake ikitetemeka kama maji. "Hawa bado wanapika," alisema, akimaanisha nyuki. Nilimjibu kwa heshima kwamba wageni hawataweza kusubiri nyuki. Jibu lile nimelikumbuka mara nyingi kuliko hotuba zote zilizotolewa siku ile.

Nyuki huacha vyumba vya sega wazi kwa sababu asali bado ina maji mengi, nao huipepea kwa mabawa mpaka ikomae ndipo wanapoifunika. Kiwango cha kimataifa cha vyakula kiitwacho Codex Alimentarius kinataka unyevu wa asali usizidi asilimia 20 kwa aina nyingi, na asali inayozidi hapo huchacha kwa urahisi. Mnunuzi tuliyemtegemea alikuja na kipima unyevu kinachoingia mfukoni, akadondosha tone moja juu ya kioo, akafumba jicho moja na kutazama kwenye mwanga. Akanipa na mimi nitazame. Mstari ulisimama kwenye 23. Akapima ndoo ya pili na ya tatu, akafuta kioo kwa kitambaa, akaaga. Baada ya wiki chache vifuniko vya ndoo 38 vilikuwa vimevimba katikati, na mlinzi alipofungua kimoja, povu lilimwagika hadi kwenye viatu vyake na chumba kikanuka pombe.

Wanakikundi waliitisha mkutano na kuniondoa kwenye nafasi ya uratibu. Walikuwa na haki hiyo, na katiba ya kikundi niliyoiandika mimi mwenyewe iliwapa. Hata hivyo sitajifanya mtakatifu: iliniuma, na bado inaniuma, kwamba aliyesimama kutoa hoja ile ni kijana niliyempigania apate mafunzo, na kwamba hakuna aliyekumbuka kuwa miezi mitatu ya mwisho nilifanya kazi bila posho. Naandika haya nikijua baadhi yao watayasoma.

Katika andiko langu la mradi nilikuwa nimetaja mifano mikubwa ya dunia, kama wengi wenu mnavyofanya. Nilipokuwa sina kazi ndipo nilipoisoma vizuri. Huko Anand, katika iliyokuwa wilaya ya Kaira, Gujarat, India, wafugaji waliunda ushirika wao mwaka 1946 wakiwa na vyama viwili vya vijiji na lita 247 za maziwa kwa siku. Kiwanda chao cha maziwa ya unga kilizinduliwa mwaka 1955. Mimi niliona kiwanda, sikuiona ile miaka tisa. Wala sikuona kwa nini kilijengwa. Wakati wa baridi nyati wao wa kufugwa walitoa maziwa mengi kuliko soko la Bombay lilivyoweza kupokea, na mfugaji akabaki na maziwa yasiyo na mnunuzi. Kiwanda kilikuja kuziba pengo la msimu ambalo kila mfugaji alilijua kwa maumivu. Jengo langu lilijengwa ili msimu uonekane mkubwa.

Vivyo hivyo nilimtaja Morihiko Hiramatsu, gavana wa mkoa wa Oita nchini Japani aliyeanzisha mpango wa "kijiji kimoja, bidhaa moja" mwaka 1979, nikanakili kaulimbiu na kuacha mwenendo. Hiramatsu alijenga juu ya kazi ya wanavijiji ambao tayari walikuwa wakihangaika wenyewe, kama wale wa Oyama waliokuwa wameanza kupanda miti ya plamu na ya chestnut (kokwa zinazoliwa) tangu mwaka 1961, na serikali ya mkoa ilisaidia utaalamu na masoko badala ya kugawa fedha mkononi. Korea Kusini nayo ilianza mpango wake wa kuendeleza vijiji mwaka 1970 kwa kukipa kila kijiji mifuko 335 ya saruji, na awamu iliyofuata ikatoa mifuko 500 pamoja na tani moja ya chuma kwa vijiji vilivyokuwa vimeonyesha kazi, takriban nusu tu ya vyote. Hayo yalifanyika chini ya utawala wa kiimla wa Park Chung-hee, na sidhani kila jembe lililoinuliwa liliinuliwa kwa hiari, lakini walau msaada wa pili ulifuata kazi iliyoonekana na si namba iliyoandikwa kwenye fomu.

Mwanzo wangu wa pili haukuwa na bango. Nilikodi chumba kimoja na kuweka meza ya useremala, nikamtafuta fundi aliyekuwa akitengeneza vitanda, tukaanza kuchonga mizinga ya fremu. Mzinga wa aina hiyo, uliopewa hataza kwa jina la Lorenzo Langstroth mwaka 1852, unategemea nafasi ndogo ya kupita nyuki, milimita kati ya 6 na 9 hivi. Ukiibana zaidi, nyuki wanaiziba kwa gundi yao. Ukiiachia zaidi, wanajenga masega ya ovyo na fremu hazichomoki. Fundi wangu alikuwa stadi lakini alizoea kupima kwa jicho, kwa hiyo mizinga 11 ya kwanza tuliivunja, mbao zake nyingine zikawa vigoda. Tulipopata kipimo cha kudumu, yaani kipande cha chuma kilichokatwa ambacho kila fremu lazima ipite, kazi ilinyooka.

Uchongaji wa mizinga hufanyika wakati ambapo hakuna mavuno, na hapo ndipo nilipofumbuka macho. Wafuga nyuki hununua mizinga na mavazi ya kujikinga kabla ya msimu, kwa hiyo mafundi cherehani wawili wakapata kazi katika miezi mikavu. Nta, ambayo zamani tuliitupa pamoja na mabaki ya masega, ikaanza kuyeyushwa, kuchujwa na kuuzwa. Leo tupo watu tisa: maseremala watatu, mafundi cherehani wawili, na wanne wa asali na nta. Mwaka uliopita daftari la mahudhurio lilionyesha siku 1,710 za malipo, wastani wa siku 190 kwa mtu, na hakuna hata moja iliyolipwa na mfadhili. Mnaweza kuniita mwenye majivuno. Daftari lile ninalo kabatini na huwa nalifungua hata ninapokuwa sina sababu ya kulifungua.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaotaka kama mimi kuona vijana wa vijijini wakibaki kwa sababu kuna kazi na si kwa sababu wamekosa nauli, acheni kuhesabu vichwa, hesabuni siku. Sheria ya India ya mwaka 2005 ya uhakika wa ajira vijijini haikuahidi idadi ya ajira. Iliahidi kila kaya siku 100 za kazi ya malipo kwa mwaka, na kwa sababu hiyo mwanakijiji aliweza kusema amepata 40 na anadai 60. Ahadi inayodaiwa hivyo ina adabu. Ahadi ya "ajira 64" haina mtu anayeweza kuidai.

Ukishahesabu siku, ziweke katika miezi kumi na miwili, uone ni miezi gani iliyo mitupu, kwa maana huko ndiko vijana wanakoondokea. Kisha ondoa mtu yeyote ambaye angefanya kazi hiyohiyo hata kama mradi usingekuwepo, na yule aliyehama tu kutoka kwa jirani kuja kwako, kwa sababu kumwajiri seremala wa kijiji cha pili si kuzalisha ajira. Mwisho, fuata fedha inakokwenda. Katika kituo changu cha kwanza chupa zilitoka mjini, lebo zilitoka mjini, fundi wa mashine alitoka mjini, na gari lililoleta fedha Jumatatu liliondoka nayo Jumanne. Ninajua nimeanza kuhubiri, lakini nimelipia haki ya kuhubiri.

Nikurudie wewe dada uliyeniandikia. Umenieleza kwamba kikundi kina wanachama 35 na kwamba mavuno hufanyika mara mbili kwa mwaka. Usiwaandike wale 35. Chukua karatasi, chora mistari ya miezi, wakae wanachama wenyewe waseme ni nani atalipwa siku ngapi na kwa fedha ya mauzo ipi, na waulize wazee wa mizinga ni lini masega hufunikwa kabla hujamwahidi mtu yeyote tarehe ya uzinduzi. Kama jumla itatoka siku 600, andika siku 600, na chini yake eleza kuwa ni sawa na watu watatu wanaofanya kazi siku 200 kila mmoja. Mfadhili akikuambia ni wachache mno, omba fedha ya jengo ipunguzwe na ya mbao na kipima unyevu iongezwe. Nitumie hiyo karatasi kabla hujasaini, hata ikiwa imeandikwa kwa penseli.